Mbili, Kimya, Mbili

Kwenye dashibodi ya Karina yangu kuna taa
ya rangi ya chai iliyolala kikombeni.
Imewaka tangu Mfungo Saba.
Fundi Mwinshehe aliitazama
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake,
akabadilisha plagi,
akabadilisha pampu,
akabadilisha na bei.
Taa ikabaki pale pale, macho makavu.

Asubuhi gari linakohoa moshi mweusi
juu ya kanga za Bi Hidaya kambani,
na petroli inaisha kama wali
mbele ya mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani.

Nikasema basi, nitalipima mwenyewe.

Kariakoo, kijana aitwaye Ladislaus
alinipangia vipimo juu ya kioo cha kaunta:
kidude cha buluu, kama kiberiti, elfu ishirini na tano,
chenyewe hakina uso, kinaazima uso wa simu yako;
cha njano chenye kidirisha chake, elfu tisini;
na sanduku lenye mikia mingi,
mkia wa Nissan, mkia wa Honda, mkia wa Toyota za zamani,
laki nne na nusu. Ada ya muhula, hiyo.
Nikagusa cha buluu. Gari langu ni la tisini na sita, nikamwambia.
“Mama, hiki kinasoma gari zote.”

Zote.
Mimi ninayefundisha seti kidato cha kwanza,
ninayekata alama kila mtoto anapoandika “zote”
bila kuthibitisha,
nikafungua pochi.

Nyumbani Tabata nililala chali chini ya usukani,
tochi mdomoni, nikipapasa tundu la kukichomeka.
Waya. Vumbi. Peremende ya mwaka gani sijui.
Tundu hakuna.
Nimenunua ufunguo, sasa natafuta mlango.

Mkude wa maabara alicheka simuni mpaka akakohoa.
“Mwalimu, hilo lilizaliwa kabla ya desturi hizo.
Fungua boneti. Kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko.
Tafuta TE1 na E1, uziunganishe.
Kibanio cha karatasi kinatosha.
Angalia tu usikosee tundu.”

Nikakichomoa kwenye mitihani ya kidato cha pili,
nikakinyoosha kwa meno.
Umeme ukakatika mtaa mzima.
Nikawasha swichi bila kuwasha injini,
na gizani, taa ile niliyoichukia miezi yote
ikaanza kupepesa:

mbili,
kimya,
mbili.

Ikarudia. Ikarudia tena, bila kuchoka,
kama mtoto mwenye kigugumizi
ambaye hakuna aliyewahi kumsubiri amalize.
Nikaandika nyuma ya mtihani wa mtu: 22.
Sensa ya joto la maji, Mkude akasema.

Nusura nikanunue sensa.
Lakini namba inakutajia nyumba ya msiba tu;
nani kafa, uingie mwenyewe.
Nikanunua mita ya umeme, elfu kumi na tano,
nikaufuata waya wa kijani kwa vidole
hadi nyuma ya injini, na hapo
nikakuta alama za meno.
Panya.
Miezi minne, plagi nne, pampu moja,
na Fundi Mwinshehe na heshima zake zote,
kumbe panya.

Gundi ya umeme, elfu moja.
Nikachomoa fyuzi, nikahesabu hadi sitini, nikairudisha.
Taa ikazima. Nilikaa ndani ya gari dakika kumi
nikiitazama isiwake.

Kidude cha buluu hakikutupwa.
Nilikichomeka kwenye Aisti ya Bi Hidaya, ya juzi juzi ile,
kikaropoka kama kasuku wa harusini:
joto, kasi, hewa, hata makosa yaliyokwisha kusamehewa.
Sasa ananidai kila Jumamosi nimsomee.

Kibanio nimekirudisha kwenye mitihani. Kimepinda.
Leo Tumsifu wa dawati la mwisho alinusa karatasi yake,
akauliza kwa nini alama zake
zinanuka petroli.